Pima Nne, Shubiri Saba

Mabatini, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua macho yako hayakuruhusu tena kusoma mwenyewe, kwa hiyo naandika nikijua kwamba sauti utakayoisikia ni ya dada Perpetua. Dada, shikamoo na wewe. Tafadhali soma yote, hata pale utakapoona najitia aibu, na usimpunguzie baba maneno kwa kumhurumia. Mara ya mwisho uliruka aya nzima, akaja kuisikia kwa watu kisimani.

Habari za hapo nyumbani? Bega la kushoto linasemaje? Yale mafuta ya kuchua niliyompa kondakta yalifika, au yaliishia Bunda? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha mpaka njia ya kupandia kwetu mlimani imegeuka mfereji, na watoto wanakwenda shule wamebeba viatu mkononi. Mke wangu Esta alipitiwa na malaria wiki mbili zilizopita lakini amepona kabisa. Nimejua amepona kwa jinsi alivyoanza tena kunisema.

Baba, barua yako nimeipata. Mwandiko ni wa Perpetua lakini maneno niliyasikia kwa sauti yako: "Nasikia unachonga mitumbwi ya kuweka kabatini. Mtu mzima unapita mjini umebeba meli kwapani. Rudi nyumbani ushike banda la mitumbwi. Mavuno ya mtama yakiisha sijakuona, banda na zana nampa Masatu." Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikairudia. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, ila huwezi kulielewa mpaka nikueleze ninachofanya humu ndani, maana naona aliyekuletea habari aliishia kwenye kwapa tu.

Kama nilivyokuandikia mwaka jana, pale kwenye karakana ya meli tulipunguzwa. Mashirika ya umma yanauzwa au yanafungwa, na watu wa chumba cha michoro tuliambiwa sote siku moja. Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuchora. Bamba la chuma likibadilishwa kwenye meli yoyote ya ziwa hili, mimi ndiye niliyelichora kwanza. Wenzangu sasa wengine wanauza mitumba, wengine wako kwenye viwanda vya minofu wanapasua sangara. Mimi nilijaribu mitumba mwezi mmoja. Nilikuwa nakunja mashati vizuri mno mpaka wateja wanaogopa kuyafunua, na mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye meza akaniomba kwa upole nitafute kitu kingine.

Kitu kingine kilikuja chenyewe. Mwanangu aliulizwa shuleni baba yake alikuwa anafanya kazi gani, nami nikamtengenezea meli ya kadibodi ya kwenda kuonyesha. Mwalimu akaipenda, ndugu yake mwenye duka la vipuri vya injini akaomba yake ya kuweka dirishani, ya mbao. Baada ya hapo ofisi zikaanza kuulizia. Siku hizi kampuni mpya zinafunguliwa hapa mjini kila kukicha, na kila mwenye kampuni anataka kitu cha kuweka mapokezi ili mgeni akingoja awe na cha kutazama. Meli za ziwa hili nazijua kwa kichwa, kila dirisha lake. Kwa hiyo, baba, sichezi. Ni kazi, na ndiyo inayotulisha.

Sasa nikuonyeshe karakana yangu. Tunakaa vyumba viwili kwenye nyumba ya kupanga, juu ya maduka ya Mabatini. Kama nyumba nyingi za mlima huu, ilijengwa pale palipobaki kati ya mawe, na chumba cha pili kina jiwe ndani. Sisemi jiwe la kukalia. Ni jabali lililotoka ardhini kwenye kona, linanifika kiunoni, na ukuta wa nyuma umepandishwa juu yake kwa sababu aliyejenga alishindwa kulivunja. Wapangaji waliotutangulia walikuwa wanalianikia nguo. Esta alipoliona mara ya kwanza alisema, "Kumbe tumepewa na mpangaji mwenzetu." Nilipoachishwa kazi, chumba hicho cha jiwe ndicho nilichomwomba aniachie.

Aliniachia kwa masharti. Alichukua chaki ya mtoto akachora mstari mlangoni, kutoka mwimo hadi mwimo. "Maranda yasivuke hapa," alisema. "Yakivuka, utalala huko huko na jiwe lako." Mstari huo nimeuheshimu, ukiacha siku moja ambayo vumbi la msasa liliingia kwenye ndoo ya unga wa ugali. Siku hiyo sitaisimulia.

Mwanzoni niliweka kila kitu vibaya. Nililiona jabali lina uso tambarare nikasema hii ndiyo meza, Mungu amenipa meza isiyotikisika. Nikaunganishia juu yake meli ya kwanza, na chini yake pembeni nikapanga mbao zangu. Mvua za kwanza zilipokuja, jiwe likatoa jasho. Naam, jiwe la huku linatoa jasho kama mtu. Mbao zilinyonya maji zikavimba, gundi ikaachia, na meli ikapinda upande mmoja kama imegonga mwamba kweli. Tangu hapo jabali ni la kugongea misumari na kunyooshea waya tu. Mbao nimezipandisha juu kwenye kenchi, karibu na bati, ambako jua linazikausha taratibu.

Meza nimeitengeneza kwa mbao za makreti yaliyoleta mashine za kiwanda cha samaki. Iko chini ya dirisha la mashariki, kwa sababu umeme ni wa mgao na siwezi kuutegemea. Kazi ya macho, kama madirisha na ngazi, naifanya asubuhi. Mchana napiga msasa, jioni napanga vyombo. Jiliwa la kubania mbao nimelifunga pembe ya kushoto. Keekee ya kutoboa matundu madogo nimeitengeneza kwa spoku ya baiskeli niliyoinoa ncha. Vya kubana mbao mpaka gundi ishike ni vipande vya tyubu ya baiskeli na vibanio vya nguo vya Esta, mpaka siku upepo ulipozibeba shuka zake hadi kwenye bati la jirani. Sasa nina vibanio vyangu mwenyewe, nimevipaka rangi nyekundu ili tusigombane.

Misumari midogo nimeigawa kwenye makopo ya siagi, kila kopo na karatasi yake. Na ukutani nimefanya kama tulivyokuwa tunafanya kazini: kila chombo kina msumari wake, na kuuzunguka msumari nimechora umbo la chombo chenyewe kwa penseli. Ukitazama ukuta kabla ya kufunga mlango, unajua kipi hakijarudi. Msumeno mdogo, randa, patasi tatu, tupa, koleo, nyundo ya fundi saa. Kila kimoja kina pake. Watu wakija hunicheka kwa michoro hiyo, lakini mwaka mzima sijawahi kupoteza hata patasi moja.

Kuna umbo moja ambalo halina chombo. Ni la tezo yako ya kuchongea mitumbwi, baba. Nililichora siku ya kwanza kwa kukumbuka, na ule mpini wake uliopinda karibu na mkono kwa sababu ulikatwa kwenye tawi lililopinda hivyo. Tezo yenyewe haina kazi kwenye meli ya urefu wa mkono. Nililichora kwa sababu nilijua kwamba siku moja itakuwa yangu, na nilitaka ikute pake. Msumari umekaa mtupu hadi leo.

Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Kabla ya mvua kuanza alikuja mfanyabiashara mmoja wa Magu, mtu wa pamba, ambaye anajenga hoteli kando ya ziwa. Aliinama kuvuka mlango wetu, akazunguka chumba kizima mikono nyuma, akatazama meli mbili zilizokuwa mezani.

"Hizi za chuma nimeziona kila ofisi," alisema. "Mimi nataka mtumbwi wa tanga, wa wazee. Ule tuliokuwa tunauona ziwani kabla ya mashine. Unaujua?"

"Nimezaliwa ndani yake," nikamwambia.

Baba, sijui kwa nini nilisema vile. Ni kweli mama alinizaa nyumbani na si mtumbwini. Lakini nilikuwa na barua yako mfukoni, na nilitaka mtu mmoja duniani asikie kwamba mimi ni mtoto wa fundi Mafuru. Akasema vizuri, nataka uwe umekamilika kabla ya Pasaka, hoteli ikifunguliwa ukae pale mlangoni kwenye kabati la kioo, na uandike chini yake ni kazi ya nani. Nikasema nitaandika jina la baba yangu.

Nikaanza. Karatasi ya kuangalia sikuwa nayo, kwa sababu hujawahi kuwa na karatasi. Ningependa kuja kupima mtumbwi wenyewe, lakini dada aliniandikia kwamba wako wa mwisho uliuzwa Ukerewe. Nilichokuwa nacho ni maneno yako, yale uliyokuwa unayasema kila ulipolaza mkuku mpya, uti wa mtumbwi, mchangani, na sisi watoto tukiyaitikia: pima nne mkuku, shubiri saba kifuani, shubiri tatu kwenda juu. Hayo siwezi kuyasahau hata nikisahau jina langu.

Nikasimama ukutani nikanyoosha mikono yote miwili, Esta akaweka alama ya chaki kwenye ncha za vidole, pande zote. Nikapima kwa futi ya chuma: sentimita mia moja themanini na tano. Hiyo ndiyo pima. Nikatandaza kiganja mezani, kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo: sentimita ishirini. Hiyo ndiyo shubiri. Nikazidisha, nikagawa kwa kumi, nikachora kwenye karatasi kubwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaweka sahihi pembeni kama mchoro wa meli ya serikali.

Wiki sita, baba. Mkuku nimeuchonga kwa mvule, mbao za ubavuni nimezipunguza kwa randa mpaka zikawa nyembamba kama ganda la yai. Mbavu nimezipinda kwa mvuke wa birika la Esta, moja baada ya moja, yeye akisubiri maji ya chai. Tanga ni la kitambaa cha marekani nilichokiloweka kwenye chai ya rangi ili lionekane limeshaliwa na jua. Mbele nikapaka ile alama yako, pembe tatu nyekundu na nyeupe. Nilipomaliza niliuweka mezani, jua la asubuhi likiupiga, nikaona raha ambayo sijaiona tangu niachishwe kazi. Nilimwita Esta. Alitazama bila kuvuka mstari wa chaki, kisha akauvuka. Alisema ni mzuri.

Chini ya ngazi zetu za mawe kuna genge la mama mmoja wa kwetu Majita, Bibi Tabitha. Anauza dagaa, chumvi, mafuta ya taa ya kupima, viberiti. Zamani alikuwa anachukua dagaa zake kwenu ufukweni na kuzipeleka gulio kwa mtumbwi. Nikaona huyu ndiye wa kumwonyesha kwanza, kabla hata ya mwenye hoteli. Nikaushusha mtumbwi mikononi kwa uangalifu mpaka gengeni nikauweka kwenye meza yake, katikati ya mafungu ya dagaa.

"Mzuri," alisema. "Ni wa nani?"

"Ni wa baba, bibi. Ni mtumbwi wa Mzee Mafuru."

"Mafuru yupi?"

Nilidhani anatania. Nikamwonyesha pembe tatu. Akainama, akatazama kutoka nyuma, kisha kutoka mbele, akatikisa kichwa.

"Rangi ni yake. Mtumbwi si wake."

"Nimepima kama anavyopima yeye. Pima nne, shubiri saba."

"Sijui mambo ya kupima," akasema. "Najua kukaa." Akachukua viberiti vitatu kwenye rafu yake. Akakiweka cha kwanza juu ya ubao wa kukalia, ule wa katikati. "Huyu mimi," akasema. Akaweka cha pili, kimegusana na cha kwanza. "Huyu dada yangu, marehemu. Kila siku ya gulio tulikaa watatu ubao mmoja, vikapu miguuni, na baba yako alikuwa anatwambia tusisukumane, nafasi ipo. Na huyu ni mama yako." Akajaribu kuweka cha tatu. Hakikuingia. Akavisogeza viwili vya kwanza, akajaribu tena, kikapanda juu ya ukingo wa mtumbwi kikaanguka kwenye dagaa.

"Umeona?" akaniambia, bila ukali wowote. "Mama yako umemwacha nchi kavu."

Nilirudi juu nikakaa kwenye ngazi na mtumbwi mapajani. Nililia, baba. Perpetua, hapo usiruke. Mama ana miaka minane kaburini na nilikuwa sijamlilia sawasawa, kwa sababu nilipofika mazishini mlikuwa mmeshazika na nikashikwa na shughuli za wageni. Nikamlilia kwenye ngazi za Mabatini kwa ajili ya kiberiti.

Nilipotulia nikakipima kiberiti. Sentimita tano, yaani nusu mita kwa kipimo changu cha moja kwa kumi, na hiyo ndiyo nafasi ya mama mmoja aliyekaa vizuri. Bibi alikuwa sahihi kuliko mchoro wangu. Na hapo ndipo nilipoona kosa, nikacheka huku machozi hayajakauka. Wewe ni mfupi, baba, usinikasirikie, na mikono yako ni mifupi, lakini viganja vyako ni vipana kama sahani. Mimi nimetoka kwa wajomba. Ulinitania mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na sita na tezo ikanishinda: "Hii mikono ni ya kuangulia mapapai bila kupanda." Mikono mirefu, viganja vya karani. Pima zangu nne zinazidi zako, na shubiri zangu saba hazifiki zako. Kwa hiyo mtumbwi ulitoka mrefu na mwembamba, na kama ungekuwa wa kweli ungepinduka na watu siku ya kwanza ya upepo. Nimekosea huku kila milimita ikiwa sahihi. Miaka kumi na tisa ya kuchora, na sikuwaza kwamba pima ina mwenyewe.

Mwenye hoteli alikuja siku ya tatu kuangalia. Aliuona mezani akafurahi mno, akataka kuuchukua palepale.

"Haujakamilika," nikamwambia.

"Una nini? Mbona umekamilika?"

"Ni mwembamba. Baba hakujenga hivi."

"Fundi, nani atajua? Wageni wangu ni wazungu na watu wa Dar."

Esta naye alinikonyeza kutoka mlangoni, na yule bwana alipoondoka, Esta akanigeukia: "Mpe tu, jamani. Nani atajua kweli?" Nikamjibu kwamba Bibi Tabitha amejua, na akipita pale hotelini siku yoyote atajua tena. Esta akasema basi kama ni hivyo ule mwembamba apewe yeye wa kuwekea vitunguu. Nimempa. Uko jikoni, tanga limeng'olewa, na kwa vitunguu unafaa sana. Mwenye hoteli amekubali kusubiri mpaka Pasaka na si siku moja zaidi.

Sasa jibu langu, baba.

Sirudi. Nimelifikiria banda kila siku tangu barua yako ifike. Niseme ukweli, niliposoma jina la Masatu nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu ni mtoto wa baba mdogo tu, mimi ndiye mtoto wa fundi, banda ni langu hata kama silikalii. Nilikuwa kama ng'ombe anayelalia majani asiyoyala. Lakini Masatu ameshinda na wewe humo bandani tangu akiwa mdogo, na zaidi ya hapo Masatu ana umbo lako. Kifua hicho hicho, mikono hiyo mifupi, viganja hivyo. Yeye akisema pima nne, shubiri saba, unatoka mtumbwi ambao watatu wanakaa ubao mmoja. Mimi nikirudi nikashika banda nitajenga kwa mikono ya wajomba, na watu wa Majita wataingia ziwani kwenye mtumbwi wa vitunguu wakiamini ni wako. Mpe Masatu banda. Mpe na tezo pia. Usimwekee masharti kwa ajili yangu, na mwambie sina kinyongo. Inaniuma, lakini kinyongo sina.

Mimi niachie kazi hii ya mezani. Najua unaiona ndogo. Ni ndogo kweli, mtumbwi mzima unaingia kwapani. Lakini mitumbwi yako, baba, imeoza au imeuzwa au imeongezwa mbao na watu wengine, na siku moja hakutakuwa na mtu atakayejua ilikaaje. Nataka mmoja ubaki ambao umepimwa sawasawa.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Dada, hapa ni kwako. Tafuta uzi wa katani, si wa nailoni wa nyavu, maana wa nailoni unavutika. Mlaze baba chali kwenye mkeka ili bega lisimuume, anyooshe mikono yote miwili pole pole, na msaidie ule wa kushoto, usimlazimishe. Funga fundo kwenye ncha ya kidole cha kati upande huu, na fundo jingine upande ule. Ukiona mkono wa kushoto hauwezi kunyooka, pima wa kulia peke yake, kutoka katikati ya kifua, uniandikie kwamba ni nusu, nitazidisha mwenyewe. Halafu uzi wa pili, mfupi: atandaze kiganja chini, kutoka gumba hadi kidole kidogo, vidole vimefunguka kama alivyokuwa anavifungua juu ya mbao. Usipime kwa rula ya shule. Ni fupi, na kila ukiisogeza unaongeza kosa. Weka nyuzi zote mbili kwenye bahasha na umpe kondakta mwenyewe mkononi. Akiishia nazo Bunda nitamfuata.

Zikifika nitaanza mkuku mpya siku hiyo hiyo. Mvule ninao, mbao zimeshakauka kule juu kwenye kenchi. Ule msumari wa tezo sitaung'oa. Nimefuta umbo la penseli jana, na hapo ndipo nitakapotundika uzi wako, mrefu na mfupi pamoja. Chombo hicho ndicho nilichokuwa nimepungukiwa, na nilikuwa nimechora umbo la kingine.

Nisalimie ndugu yangu Masatu, umwambie anionyeshe banda nikija Krismasi, nitaingia kama mgeni. Nisalimie shangazi Nyabise na umwambie kanga yake ipo kwa Esta. Msalimie mchungaji, na wale wazee wa ufukweni waliokuletea habari za kwapa, waambie wakija tena Mwanza wapande mpaka juu waone na ukuta. Esta na watoto wanakuamkia, shikamoo babu.

Bibi Tabitha naye anakusalimu sana. Vile viberiti vitatu hajaviuza. Ameviweka peke yake mwisho wa rafu, na mteja akivinyooshea kidole humpa vingine. Juzi nilimuuliza anavitunzia nini. Akasema wawili wameshakaa, yuko mmoja ufukweni bado anangoja kupanda.

Ni mimi mwanao mwenye mikono mirefu,
Magesa